Bunduki ya Meriden: je, mdogo wake aliibiwa?

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha jioni, Papa mmoja anayeishi katika kambi ya waliohama makwao aliningojea mlangoni pa redio akiwa ameshika simu mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unasoma mambo mengi. Sikiliza sauti hii ya mdogo wangu, kisha uniambie kama walimwibia."

Mdogo wake yuko Marekani. Alifika huko na familia yake kwa mpango wa kupokea wakimbizi, na kazi yake ni kuhamisha vyombo na kusafisha nyumba za watu. Mama mmoja mjane alimpa, kwa karatasi zote zinazotakiwa na sheria za huko, bunduki ya zamani ya marehemu mume wake. Ni bunduki ya kuwindia ndege, kalibre 12, yenye mitutu miwili inayolala sambamba. Aliambiwa kwamba za namna hiyo huuzwa ghali. Mawazo yake yakaenda moja kwa moja kwenye karo ya watoto wa kaka yake huku kambini.

Ili apate bei nzuri, alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Alisugua kutu kwa msasa, aking'arisha chuma mpaka kikatoa mwanga, akapaka mbao vanishi mpya. Mnunuzi aliitazama dakika mbili, akaifungua, akaifunga, akataja bei ndogo sana. Akaongeza: "Ungeniletea ikiwa chafu, ningekulipa zaidi."

Papa hakuelewa. Tangu lini kitu kichafu kikapita kisafi kwa bei? Kwake huo ulikuwa wizi: wamemwona mgeni, wakamchezea.

Najua neno bunduki linavyosikika kwa mtu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni. Siandiki haya ili kusifu silaha, wala kumtafutia mtu silaha. Naandika kwa sababu swali la Papa ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya mafundi wa Marekani. Nimetumia majuma mawili kusoma na kuangalia picha tulizotumiwa.

Ilikotoka

Picha ya kwanza ilionyesha nyuma ya kitako. Pale pana bamba la mpira mgumu mweusi lenye kichwa cha mbwa wa kuwinda. Hiyo ni alama inayojulikana ya Parker Brothers, kiwanda cha mji wa Meriden, jimbo la Connecticut. Mwenye kuanzisha shughuli hiyo, Charles Parker, alianza na mashine ndogo za kusagia kahawa. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, karakana zake zilitengenezea jeshi la Kaskazini bunduki. Vita ilipokwisha, familia hiyo ikageukia bunduki za kuwinda.

Parker hawakuwa peke yao. Kule Syracuse, jimbo la New York, Lyman Cornelius Smith alitengeneza bunduki za mitutu miwili zilizobeba jina lake, L.C. Smith. Baadaye aliuza kazi hiyo kwa familia ya Hunter wa mji wa Fulton, yeye akaenda kutengeneza mashine za kuchapa. Ithaca Gun Company ilikuwa mji wa Ithaca, jimbo hilohilo. Philadelphia alikuwako Ansley H. Fox.

Uzi mmoja wa habari hii unafika mpaka kwetu. Bunduki nyingi za zamani za Parker zilikuwa na mitutu ya damaski: vipande vya chuma na chuma cha pua vilisokotwa pamoja, vikazungushwa na kuunganishwa kwa moto na nyundo, hata mtutu ukabaki na mistari kama ya nguo iliyofumwa. Sehemu kubwa ya mitutu hiyo ilinunuliwa Ubelgiji, kwa mafundi wa eneo la Liège, mji ambao wazee wetu wanaujua kwa silaha zake.

Bunduki hizi zilitaka mikono mingi. Fundi alipiga tupa, akapima, akapiga tupa tena, hata chuma na mbao vikakutana bila nafasi ya unywele. Kisha bunduki za mtutu mmoja zilizojazwa risasi kadhaa, ambazo mashine ilizitoa kwa gharama ndogo, zikachukua soko. Mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929 ukamaliza waliobaki na nguvu kidogo. Mwaka huohuo Savage ikainunua Fox. Mwaka 1934 Remington ikainunua Parker, na kazi ikahamishiwa Ilion, New York. Vita ya Pili ya Dunia ilipoingia Marekani, utengenezaji wa Parker ukakoma. Namba za mwisho zilikuwa zimepita 242,000.

Hapo ndipo bei ya leo inapoanzia. Karakana zile zimefungwa na mafundi wake wamekufa. Rangi waliyoiacha juu ya chuma haiwezi kuwekwa tena na mikono ileile.

Rangi ilivyowekwa

Bunduki ya namna hii ina sehemu tatu za kutazama, na kila moja ilikuwa na dawa yake.

Kwanza ni mitutu. Ile ya chuma cha kawaida ilipewa rangi ya buluu nzito kwa njia ya kutu. Ndiyo, kutu. Fundi alipaka dawa, akauacha mtutu upate kutu nyembamba sawasawa, akauchemsha katika maji hadi kutu ile ikageuka nyeusi, akausugua taratibu kwa brashi laini, akaanza tena. Kazi hii ilirudiwa kwa siku kadhaa. Mwisho wake ni buluu iliyotulia, isiyong'aa kama kioo.

Pili ni mwili wa bunduki, yaani chuma cha katikati kinachoshika mitambo na kuunganisha mitutu na kitako. Huo uliwekwa katika sanduku la chuma pamoja na makaa ya mifupa na ya miti, ukachomwa kwa saa nyingi katika moto mkali, kisha ukatumbukizwa ghafla majini. Kusudi lilikuwa kuufanya uso wa chuma uwe mgumu. Lakini ulitoka majini na mawimbi ya rangi: buluu, kahawia, kijivu, manjano ya majani makavu, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji ya mvua. Rangi hizi ni nyembamba sana. Jua, jasho la mkono na dawa za kusafishia huzifuta polepole, mwili ukabaki kijivu cha fedha.

Tatu ni mbao. Zilitoka kwenye mti wa mjozi, zikapakwa mafuta au vanishi, na pale mikono inaposhika zikachongwa miraba midogo sana ili zisiteleze.

Namna ya kuisoma

Mnunuzi mzoefu haulizi kwanza kama bunduki inang'aa. Anauliza kama uzee wake unakubaliana, sehemu na sehemu.

Mwindaji hubeba bunduki kwa mkono mmoja, akiishika chini ya mwili wake, mbele ya kikuku kinacholinda kifyatulio. Kwa hiyo pale ndipo rangi hufa mapema. Mahali ambapo mkono haufiki, kama ndani ya kikuku, kwenye pembe zilizojificha na chini ya ubao wa mbele, rangi hukaa miaka mingi. Ukikuta rangi kali pote, hata pale pa kubebea, huku miraba ya mbao imelika hadi ikawa laini, jua kwamba sehemu hizo mbili hazisemi habari moja. Moja imefanywa upya.

Baada ya hapo anasoma maandishi na nakshi. Herufi zilizopigwa kiwandani zina kingo kali. Msasa na gurudumu la kung'arishia hula kingo hizo, herufi zikawa kama sabuni iliyotumika. Hata matundu ya skrubu husema: chuma kinachoyazunguka kikisuguliwa, kinazama kama kisahani. Skrubu zenyewe, katika bunduki njema, mifereji yake ilipangwa kuelekea upande mmoja. Mfereji uliochanika unaonyesha kwamba mtu aliingia humo na bisibisi isiyofaa.

Kwenye mbao, fundi wa kiwanda aliacha ubao uinuke kidogo kabisa juu ya chuma. Pitisha kidole. Ukikuta chuma ndicho kilichoinuka na ubao uko chini, msasa umepita. Ndivyo ilivyo pia kwenye bamba la kitako: likijitokeza nje ya ubao, ubao umepunguzwa.

Buluu nayo ina aina zake. Viwanda vingi vilianza kutumia bafu la moto la chumvi kali mwishoni mwa miaka ya 1930. Buluu yake hung'aa na kuwa nyeusi. Kwa bunduki ya zamani ya mitutu miwili dawa hiyo ni hatari, kwa kuwa mitutu na uti wake vimeshikwa kwa lehemu. Chumvi huingia kwenye maungio, hudhoofisha lehemu na kuacha kutu ndani. Buluu yenye kung'aa kama kioo juu ya Parker ya 1910 haipandishi bei. Inamtisha mnunuzi.

Tena, kila bunduki ihukumiwe kwa desturi ya kiwanda chake. Winchester Model 21, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kawaida mwili wake ulikuwa wa buluu. Ikija mbele yako na mawimbi ya rangi za makaa, uliza nani aliyeyaweka. Kwa Parker ni kinyume: mwili wa buluu nyeusi ndio unaotia shaka.

Karatasi nazo hushuhudia

Namba ya bunduki hupigwa mahali zaidi ya pamoja, kwenye mitutu na kwenye mwili. Lazima zikubaliane. Chama cha wakusanyaji wa Parker kule Marekani hutoa barua kwa kufuata daftari za zamani za kiwanda. Pale ambapo ukurasa umesalia, barua inaweza kusema bunduki iliagizwa lini na ikiwa ya daraja gani.

Habari iliyothibitishwa ina uzito kiasi gani? Mwaka 1909 kiwanda cha Fox kilimtengenezea Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais, bunduki ya mitutu miwili kwa ajili ya safari yake ya Afrika. Alishuka Mombasa Aprili mwaka huo, akapita Kenya na Uganda, na mwanzoni mwa 1910 akawinda katika eneo la Lado, kando ya Nile, lililokuwa bado chini ya maofisa wa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 2010 bunduki ile iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Fox nyingine ya daraja lile, bila jina lile na bila ushahidi, isingefika karibu na hapo.

Jibu kwa Papa

Nilirudi kwenye picha. Maneno juu ya uti wa mitutu yamefifia. Bamba lenye kichwa cha mbwa limejitokeza kuzunguka ubao wote. Mwili umekuwa mweupe kama kijiko. Nikamwomba mdogo wake avue ubao wa mbele na kupiga picha chini yake, mahali ambapo msasa haukufika.

Rangi zilikuwapo. Buluu, kahawia, kijivu, zimetulia pale chini tangu Meriden. Nje pia huenda zilibaki kidogo chini ya uchafu, na hiyo kidogo ndiyo aliyokuwa anaitaka mnunuzi.

Nikamwambia Papa kwamba kuhusu rangi, mnunuzi yule alisema kweli. Hata hivyo bei ya mtu mmoja si hukumu. Mdogo wake aache kusugua, asipake kitu kingine, aombe barua ya namba ile, aonyeshe wanunuzi wengine wawili, na awaambie wazi alichokifanya. Watakiona tu, akisema mwenyewe, watamwamini kwa mengine. Na mtu yeyote asiifyatue kabla fundi hajaikagua.

Papa alinyamaza kidogo. "Kumbe alifuta ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, akitaka kunisaidia." Kisha akatoa mfuko wa plastiki ndani ya koti. Mlikuwa na karatasi ya shamba lake la kijijini: imechanika kwenye mikunjo, ina doa la maji, muhuri umefifia, sahihi ya chifu inaonekana bado. Alikuwa amepanga kwenda kwa kijana wa kuchapa ili aiandike upya, iwe safi, kisha atupe hii ya zamani kabla hajarudi kudai ardhi yake.

Nilimwambia atoe fotokopi, hata tatu, na hii ya zamani asiiguse. Aliikunja kwa mikunjo yake ileile, akaifunga tena ndani ya plastiki. Akaniomba nimwandikie mdogo wake, kwa niaba yake, kwamba hakuna aliyekasirika.