Maneno ya Mashine Isiyowaka

Neno la kwanza linalofika karakana ni "haiwaki". Mtu anashusha kasha la kompyuta ya mezani juu ya kaunta, vumbi la miaka likiwa limejaa kwenye matundu ya feni, anasema: "Fundi, sipiyu yangu haiwaki." Sentensi ni fupi, lakini ina maneno mawili ya kufunguliwa kabla hata bisibisi haijashikwa. Yote mawili yananivutia kuliko istilahi nyingi zilizopitishwa na kamati.

Tuanze na sipiyu. Kwa aliyesomea kazi hii, sipiyu ni prosesa, kile kipande kidogo cha silikoni kinachokaa chini ya feni katikati ya mazabodi, ile bodi kuu. Vitabu vya istilahi hukiita kichakataji. Kwa wengi wetu, Dar es Salaam na Nairobi, sipiyu ni kasha zima: bati, feni, waya na vyote vilivyomo. Jina la kiungo kimoja limetandazwa juu ya mwili wote. Kiswahili hakijafanya kosa kwa kulipanua jina, ila kwenye ukarabati upanuzi huo una gharama. Mteja akiambiwa "sipiyu ni nzima, iliyokufa ni pawa saplai", anabaki kinywa wazi. Itakuwaje nzima na haiwaki? Tena prosesa ndiyo kiungo kinachokufa kwa nadra kuliko karibu vyote vilivyomo humo. Kasha liitwe kasha, au boksi kama wanavyosema wauzaji, na sipiyu ibaki mahali pake.

Neno la pili ni kuwaka. Hiki ni kitenzi cha moto: cha kuni, cha koroboi, cha taa ya chemli. Umeme ulipoingia majumbani, lugha haikwenda kutafuta kitenzi kipya. Iliukabidhi kitenzi cha moto, na moto wenyewe ukaja pamoja nacho: fundi umeme anao waya wa moto, na akichomeka testa asione mwanga husema moto haufiki. Nayapenda maneno haya kwa sababu yanabeba onyo ndani yake. Ndani ya pawa saplai, umeme wa volti 230 hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa zaidi ya volti 300, na unaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Anayeuita moto hana haraka ya kutia kidole.

Kutoka kuwaka tunapata kuwasha, na hapa sarufi inagusana na saketi. Kuwasha ni kufanya kitu kiwake. Mtendaji yuko nje ya kitu. Kompyuta za mezani za zamani zilikubaliana na kitenzi hicho. Swichi ya mashine hizo ilikuwa kubwa, yenye mlio mzito, na iliunga umeme wa ukutani yenyewe. Uliyeigeuza ndiye uliyewasha. Mwaka 1995 Intel ikatoa muundo wa ATX, na uhusiano huo ukabadilika. Kitufe cha mbele hakiungi tena umeme wowote mkubwa. Kinagusanisha pini mbili za mazabodi kwa sekunde moja hivi, basi. Mazabodi ndiyo inayoushusha waya wa kijani utokao pawa saplai hadi karibu na volti sifuri, na pawa saplai ikiona hivyo inaachia volti 12, 5 na 3.3. Kabla ya hapo, waya wa zambarau ulikuwa tayari unatoa volti 5 muda wote kasha likiwa limechomekwa. Kwa hiyo sisi tunabonyeza. Inayowasha ni mazabodi. Na tunaposema tumezima, mara nyingi tumeilaza tu.

Fundi anayelijua hilo halichukui "haiwaki" kama habari moja. Anauliza: moto unafika wapi, na unaishia wapi? Anaanza na soketi, halafu ekstensheni, halafu waya wenyewe, halafu swichi ndogo ya nyuma ambayo mtoto au mfanya usafi huigusa bila kujua. Pawa saplai nyingi za zamani zina pia kitufe chekundu cha kuchagua 115 au 230. Hapo ndipo kompyuta za mtumba zilizotumika Marekani au Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120 na 100, huungua siku ya kwanza. Kitufe kimebaki 115, mtu anachomeka kwenye soketi ya volti 230, panasikika mlipuko, panatoka harufu. Fundi husema imeungua, na kitenzi hicho kinatosha: kimetaja kilichotokea, na pua inathibitisha.

Kama hakuna harufu, hufuata jaribio la waya wa kijani. Umeme unachomolewa kwanza, pawa saplai inatolewa kwenye mazabodi, kisha kipande cha waya au kibanio cha karatasi kinaunganisha kijani na cheusi chochote kwenye plagi ile pana. Ikichomekwa tena na feni yake ikazunguka, pawa saplai inaitika, ingawa bado mita itasema kama volti zake zimetimia. Feni ikikaa kimya, huenda ubovu umepatikana. Hili ni jaribio la kila siku, na kitenzi "kuitika" kinalieleza kuliko maelezo marefu: kifaa kimeitwa, ama kimeitika ama hakikuitika.

Sikilizeni vitenzi vingine vya karakana. Feni inashtuka kisha inasimama: hapo fundi anashuku shoti, kwa maana pawa saplai imejikinga. Inawaka haileti picha: umeme umepita, sasa twende kwenye ramu, tuitoe, tusugue meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio na kuirudisha mpaka ilie "tak". Inalia: hii ni habari njema, kwa sababu mazabodi yenye uhai wa kulia inataja inachokikosa, na idadi ya milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Inaleta picha haiingii Windows: hapo hatuna tena ugonjwa wa umeme, tumefika kwenye diski au programu. Kila kitenzi ni kituo kwenye njia ya umeme, na anayevitumia kwa usahihi ameshafanya nusu ya kazi.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu vitenzi hivi havimo katika orodha zetu. Watunzi wa istilahi za kompyuta walifanya kazi kubwa, nami naiheshimu. Tumebishana vya kutosha juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na juu ya kipanya na puku. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na programu nzima ya ofisi ikasomeka kwa Kiswahili. Lakini nyingi ya istilahi zile ni za faili, ukurasa, kuhariri na kuhifadhi, mambo ya upande wa pili wa kioo. Zinaanza pale mashine inapokuwa imekwisha kuwaka. Kabla ya hapo, katika dakika zile za giza, mtumiaji wa Kiswahili ameachiwa fundi wake, na fundi amejitungia. Nadhani wakusanyaji wa kamusi wangepita Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na daftari, wasikilize, waandike "kuitika", "kushtuka" na "kuleta picha" kwa maana zake za kiufundi, pamoja na mifano.

Lipo neno moja rasmi ambalo ningelitetea mbele ya yeyote: hitilafu. Tulilichukua kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kutofautiana, na Kiswahili hakijaiacha maana hiyo, ndiyo maana watu wawili wanaweza kuhitilafiana. Tazameni kompyuta inavyoanza. Pawa saplai ikishatoa volti zake, inasubiri zitulie, ndipo inapeleka ishara kwenye waya wa kijivu kuiambia mazabodi kwamba umeme sasa ni mzuri. Ishara ile isipofika, mazabodi inaishikilia prosesa isianze hata amri moja. Mara nyingi vipande vyote vipo na hakuna kilichoungua. Ila kapasita zimevimba vichwa, kama ilivyokuwa kwa bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa kapasita zenye kimiminika kibovu, na volti zinayumba. Vipande havijakubaliana. "Ubovu" hutaja kipande kimoja. Hitilafu hutaja kilichovunjika baina yao.

Kuna neno ningeomba licheleweshwe: "imekufa". Lisitamkwe kabla mazabodi haijatolewa kwenye kasha na kulazwa juu ya katoni kavu, ikabaki na prosesa, ramu moja na pawa saplai inayoaminika, kisha pini mbili za kitufe zikaguswa kwa ncha ya bisibisi. Isipoitika hapo, na waya wa zambarau una volti zake, basi neno limestahili, lakini litamkwe pamoja na jina la kilichokufa. Wapo wateja wanaosikia "imekufa" wakaacha kasha lote kwenye rundo la chuma chakavu, wakidhani picha za harusi na barua za marehemu mzazi zimekwenda nayo. Mara nyingi hazikwenda. Diski inaweza kuchomekwa kwenye mashine nyingine na kusomwa. Fundi aseme hivi tu: mazabodi imekufa, diski yako huenda ni nzima, tuijaribu kabla hujaondoka.