Kombe la Mfungwa

Pale Kondele, mjomba akianza stori ya 1987, hata chai inapoa. Desemba hiyo Gor Mahia walitoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia kule Kasarani. Mechi ya Tunis ilikuwa imeisha 2-2, hivyo mabao ya ugenini yakawapa Kombe la Mandela. Hakuna klabu nyingine ya soka Kenya iliyowahi kutwaa ubingwa wa bara.

Sasa fikiria: kombe lilikuwa na jina la mfungwa, uwanja ulikuwa na jina la Rais Moi, na Raila Odinga alikuwa kizuizini bila kesi. Mjomba anasema usiku huo Kisumu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Nikamuuliza, walikuwa wanamshangilia nani hasa? Akacheka tu.