Mabaki ya Mwadui na Swali la Hewa ya Ukaa

Historia ya madini katika nchi yetu imezoea kuandikwa kwa kuhesabu kilichochukuliwa. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Kada anayepita Maganzo, katika barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, hana budi kujiuliza pia juu ya kilichobaki: vilima vya mwamba uliosagwa katika mgodi wa Mwadui. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mabaki hayo si takataka. Ni kazi ya wafanyakazi iliyolimbikizwa, na kemia ya leo inaifungulia kazi hiyo matumizi mapya.

Tuanze na historia yenyewe. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua hapo Mwadui mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la hekta 146. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, nayo ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth. Williamson alipofariki mwaka 1958, De Beers na serikali ya kikoloni waligawana mgodi nusu kwa nusu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, katika miaka ya 1970, mgodi ukawa mali ya umma. Mwaka 1994 De Beers walirudi na hisa nyingi zaidi, na mwaka 2009 Petra Diamonds wakachukua asilimia 75.

Wenye mgodi walibadilika, lakini njia ya uzalishaji ilibaki ile ile: kuchimba, kuponda, kuosha, kuchambua, kutupa. Karati moja ni gramu 0.2, na tani 100 za mwamba wa Mwadui hutoa karati chache tu. Kwa hiyo karibu mwamba wote unaopondwa hurundikwa. Jasho na umeme vilivyotumika kuuponda havimo ndani ya almasi. Vimebaki katika rundo.

Sasa tuitazame sayansi. Kimbalaiti ina madini yenye magnesi nyingi, hasa olivini na sepentini. Madini hayo yakikutana na maji na hewa ya ukaa huzaa kaboneti, yaani jiwe jipya lililoifunga hewa hiyo ndani yake. Tani moja ya sepentini safi, mmenyuko ukikamilika, huweza kufunga karibu tani 0.48 za hewa ya ukaa. Wazo la kutumia njia hii kupunguza hewa ya ukaa lilitolewa na mwanasayansi Seifritz mwaka 1990. Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba mabaki ya kimbalaiti ya mgodi wa Diavik, Kanada, yalikuwa yakinasa hewa ya ukaa yenyewe, bila tanuri wala mtambo.

Kikwazo ni mwendo. Mmenyuko huu hutoa joto badala ya kulidai, lakini huenda polepole sana. Kuichoma sepentini kwa nyuzi zaidi ya 600 huuharakisha, ila kuni au makaa yatakayochomwa yatarudisha angani sehemu ya kile tunachotaka kukinasa. Ndiyo maana watafiti hutafuta njia za nishati ndogo: kutandaza mabaki, kuyalowesha, kuyageuza, na kupitisha ndani yake hewa yenye ukaa mwingi. Hapo ndipo mabaki ya migodi yanapoishinda miamba mipya, kwa kuwa gharama ya kuponda imekwisha kulipwa.

Hata hivyo tusijidanganye. Mwamba wa Mwadui haukumomonyoka sana, na sehemu yake ya juu imechanganyika na mashapo na udongo wa mfinyanzi. Rundo moja si sawa na jingine. Kipimo cha maabara lazima kitangulie hotuba.

Wala mabaki si kitu cha kuchezea. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya wanavijiji. Umma uliobeba hasara ya mabaki hauwezi kuambiwa kwamba faida yake haiwahusu.

Na faida inanukia. Mwaka 2017 De Beers, waliokuwa Mwadui hadi miaka minane kabla, walitangaza utafiti wa kunasa hewa ya ukaa kwa mabaki ya kimbalaiti. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya maliasili, na mwaka 2022 zikatoka kanuni za biashara ya kaboni. Silaha za kisheria tunazo. Bila maarifa, silaha hizo zitabaki ghalani.

Wajibu wetu, basi, ni wa aina tatu. Kwanza, mabaki yahesabiwe kama mali katika kila mkataba wa madini. Pili, vyuo vyetu vipime mabaki hayo, rundo kwa rundo, kabla mgeni hajatupimia. Tatu, kijana wa Maganzo anayejua kuitambua almasi kwa jicho afundishwe pia kukisoma kimbalaiti kwa kemia. Almasi ya 1947 iliondoka katika mkono mmoja. Vilima vya Mwadui bado vipo; tusisubiri mwingine atuambie thamani yake.