Mchakamchaka katika Shule za Msingi za Tanzania: Asili, Kustawi na Kufifia Kwake

1. Utangulizi

Kwa vizazi kadhaa vya Watanzania, siku ya shule haikuanzia darasani bali barabarani. Alfajiri kengele iligongwa, nayo mara nyingi ilikuwa rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini. Watoto walijipanga mistari, kiranja akashika mbele, na shule nzima ikatoka kukimbia kwa mwendo mmoja huku ikiimba. Zoezi hilo ndilo lililoitwa mchakamchaka. Neno lenyewe ni tanakali: sauti yake yafanana na ile ya nyayo nyingi zinazokanyaga changarawe kwa pamoja.

Mchakamchaka umekumbukwa sana lakini haukuchunguzwa sana. Wapo wanaoutaja kwa fahari kama alama ya nidhamu ya zamani, na wapo wanaoukumbuka kwa fimbo ya mwalimu wa zamu. Hoja ya makala haya ni kwamba mchakamchaka ulikuwa zoezi la viungo lililoweza kumfikia kila mtoto kila siku, lakini nguvu yake ilikuwa ya kuazima. Ilitoka jeshini na katika siasa, si katika taaluma ya elimu; na wenye nguvu hiyo walipoondoka, zoezi lilibaki bila mwenyewe.

2. Mazoezi ya viungo kabla ya 1967

Mazoezi ya viungo yaliingia katika shule za kikoloni yakiwa na sura mbili. Ya kwanza ni ile ya kusimama mistarini na kunyoosha mikono na miguu kwa amri ya mwalimu. Chimbuko lake ni mfumo wa Msweden Per Henrik Ling, aliyeanzisha chuo chake Stockholm mwaka 1813; mfumo huo ndio ulioathiri mihtasari ya Uingereza, ukiwamo ule wa mwaka 1933. Sura ya pili ni ya michezo ya timu, hasa kandanda, ambayo ilithaminiwa na serikali na wamisionari kwa kuwa iliaminika kujenga tabia njema.

Michezo ya timu ina sifa zake, ila kwa asili yake huchagua. Mfano mzuri unapatikana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Katanga, eneo jingine la wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1939, watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Saint-Boniface mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walianzisha timu ya kandanda kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuelekea upadri. Timu hiyo ilibadili majina mara kadhaa. Ikiitwa Englebert ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968, na leo yajulikana kama TP Mazembe. Huo ni urithi mkubwa wa shule moja. Hata hivyo, mtoto wa Mulongo, kando ya Mto Lualaba, angeweza kujivunia ubingwa huo bila mwili wake mwenyewe kufaidika kwa lolote. Ushindi wa kumi na mmoja si zoezi la mia tano.

3. Jeshi, chama na shule

Mwaka huohuo wa 1967, Tanzania ilichukua njia nyingine. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari, na mwezi Machi Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kiini cha waraka huo kilikuwa kazi, shamba la shule na usawa, wala si michezo. Lakini ulijenga mazingira ambamo shule ilionekana kuwa jumuiya inayoamka, kufanya kazi na kuimba pamoja. Mchakamchaka uliafikiana kikamilifu na picha hiyo.

Mwendo wenyewe ulikuwa tayari umezoeleka katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Baada ya utumishi huo kufanywa wa lazima kwa wasomi mwaka 1966, hatua iliyozusha maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu mwezi Oktoba mwaka huo, walimu wengi walipitia kambini kabla ya kushika chaki. Walirudi na filimbi, gwaride na nyimbo za kupokezana. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililosogeza lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977. Shule ziliongezeka kuliko vifaa. Katika hali hiyo, zoezi lisilohitaji mpira, kiatu wala kiwanja lilikuwa neema.

Nyimbo ndizo zilizokuwa chombo chake kikuu. Mwimbishaji alianzisha, wengine wakaitikia kwa kufuata hatua za miguu. Na kwa kuwa maneno yalibadilishwa kirahisi, habari za nchi ziliingia humo upesi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kejeli dhidi yake zilikimbizwa barabarani na watoto ambao hawakuwahi kuuona mpaka wa Uganda, na baadhi ziliendelea kuimbwa miaka mingi baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979. Kwa mchunguzi wa fasihi simulizi, hiyo ni hazina. Kwa mwanahistoria wa elimu, ni ushahidi wa mahali zoezi lilipopata uhai wake.

4. Kufifia

Nguvu ya kuazima ilikuwa na gharama zake. Amri ya kijeshi ilileta adhabu ya kijeshi: aliyechelewa alichapwa, hata kama alikuwa ametembea kilomita kadhaa kutoka kwao na hajatia kitu kinywani. Kwa mtoto huyo, mchakamchaka haukuwa burudani ya mwili bali mwanzo wa hofu ya siku. Aidha, haukuwa na mtihani. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulipima masomo ya darasani, nao ndio uliofungua mlango wa sekondari.

Mabadiliko yalipokuja, hapakuwa na wa kuutetea. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992 na siasa za chama zikaondolewa rasmi katika sehemu za kazi. Ada ilipofutwa mwaka 2001, madarasa yalifurika, na shule nyingi za mijini zikagawa wanafunzi kwa zamu za asubuhi na mchana. Katika miji, barabara ya vumbi ya zamani ikawa ya magari, na kiwanja kikawa mahali pa kujenga vyumba vya madarasa. Mchakamchaka haukupigwa marufuku; uliachwa kwa hiari ya mwalimu mkuu.

5. Hitimisho

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Pendekezo hilo hujadiliwa mara nyingi kama jambo jipya linalohitaji fedha na wataalamu. Historia ya mchakamchaka inaonyesha kwamba shule maskini za Afrika Mashariki ziliwahi kuwakimbiza watoto wao wote, kila asubuhi, kwa wimbo tu. Inaonyesha pia kwamba zoezi linalotegemea amri halidumu zaidi ya mtoa amri. Wanaotaka kuurudisha mchakamchaka wana la kuchagua: wimbo na mwendo vinaweza kurudi bila fimbo, iwapo ratiba ya shule itavitengea saa yake na mwalimu atakayewajibika navyo.