Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Istilahi "namba tasa" imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya hisabati vya Kiswahili. Hata hivyo, yafaa tujiulize kama neno hili, ambalo katika mazungumzo ya kawaida humhusu asiyezaa, lamwongoza mwanafunzi au lampoteza. Tutalipima kwa historia ya namba moja kubwa: 4,294,967,297.

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila kubakiza ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tukianza na 2, kisha tukazidisha kila namba tuipatayo kwa yenyewe, twapata 2, 4, 16, 256 na 65,536. Tukiongeza 1 kwa kila moja, twapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alieleza katika barua imani yake kwamba namba zote za mfuatano huu ni tasa, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho kamili. Namba ya sita ndiyo hiyo tuliyoitaja.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, aliyekuwa St. Petersburg, kumwuliza juu ya dai hilo. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi hapana haja ya kujaribu namba zote: tutajaribu 193, 257, 449 na 577, na ya tano ni 641. Mwenye kalamu na karatasi aweza kuhakikisha mwenyewe. Hadi leo haijapatikana namba tasa nyingine katika mfuatano huo baada ya zile tano.

Sasa turudi kwenye neno letu. Vigawo hivi viwili, 641 na 6,700,417, vyenyewe ni tasa. Lakini vikizidishwa hutoa jibu ambalo kwa Kiswahili huitwa "zao", neno litokanalo na kuzaa. Hivyo tasa mbili zimezaa! Wagiriki wa kale hawakupata mgongano huu, kwani waliziita namba hizi "za kwanza", yaani zile ambazo nyingine hujengwa kwazo.

Je, tulitupe neno "tasa"? Hatuoni hivyo. Ni fupi, limeenea, na huonyesha vema kwamba namba hiyo haipasuliki katika namba ndogo zaidi. Ila taswira ya neno si fasili yake. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kitabu kiandikapo "namba tasa" kwa mara ya kwanza kitoe fasili kamili papo hapo, na kimpe mwanafunzi namba ya kuijaribu. Namba hii ilidhaniwa kuwa tasa kwa miaka zaidi ya 90, na hesabu moja ya kugawanya ikatosha kuivua jina hilo.