Bunduki, Kamera na Tiva wa Bulo Burti

Nina picha moja ambayo sijawahi kuifuta. Ina tawi, ina majani, na katikati ina doa la kahawia ambalo mimi naapa ni ndege. Nilimpiga asubuhi moja kwenye msitu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, nikarudi nyumbani nimeshajiaminisha kwamba nimepata spishi mpya. Rafiki yangu, aliyeanza kutazama ndege muda mrefu kabla yangu, aliikuza ile picha, akanyamaza, halafu akauliza: "Sasa ushahidi uko wapi?"

Swali hilo lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo kuna damu.

Karne ya 19 jibu lilikuwa bunduki. Aliyeona ndege asiyemjua alimpiga risasi, akamchuna, akamjaza pamba, akampeleka makumbusho. Ngozi ile ndiyo ikawa rejea, na kila aliyedai kumwona ndege yule tena alilinganishiwa nayo. Ni ukatili, lakini una mantiki yake, maana macho hudanganya na kumbukumbu huongeza chumvi.

Kamera ikaleta njia nyingine. Kule Uingereza, ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege chenye picha walizopiga porini. Ili ndege wasishtuke, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ng'ombe bandia aliyetengenezwa kwa ngozi! Mwaka 1909 Cherry alikuwa Kenya, akimpiga picha za sinema Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyekuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Mwenye kamera na mwenye bunduki, wote nyika moja.

Lakini hata kamera ilipoenea, spishi ambayo haijapewa jina ilikuwa habari nyingine. Kwa kawaida sayansi iliendelea kudai mwili. Na hapo ndipo anapoingia ndege wa Bulo Burti.

Bulo Burti ni mji wa Somalia ya kati. Mwaka 1988, kwenye uwanja wa hospitali ya mji huo, alionekana ndege wa jamii ya tiva ambaye rangi zake hazikulingana na tiva yeyote aliyejulikana. Mmoja tu. Mwaka uliofuata akanaswa, akiwa hai.

Wewe ungefanyaje? Kama ndiye wa mwisho, kumuua ili apate jina ni kumpa jina na sanda siku moja. Watafiti wakachukua damu na manyoya, wakakaa naye kwa muda, kisha mwaka 1990 wakamwachia. Hawakumrudisha Bulo Burti, kwa sababu mazingira yake yalikuwa yameshaharibiwa; walimpeleka hifadhi ya Balcad. Mwaka 1991 wakamtangaza rasmi kuwa Laniarius liberatus, yaani tiva aliyeachiwa huru.

Mjadala ukawaka. Bila ngozi kabatini, wapinzani waliuliza, kesho nani atahakiki? Na kweli, mwaka 2008 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hakuwa spishi mpya. Alikuwa tiva ambaye tayari anajulikana Somalia, ila amevaa rangi isiyo ya kawaida.

Wapo wanaoisoma habari hii kama aibu ya waliomwachia. Mimi nakataa. Hebu fikiria, ngozi ingehifadhi nini? Rangi. Na rangi ndiyo iliyowadanganya tangu mwanzo. Kilichosahihisha kosa ni vinasaba, na kuchukua vinasaba hakuhitaji kaburi. Watu wale walikosea jina, lakini hawakumkosea ndege. Kosa la jina likasahihishwa kwenye karatasi miaka 17 baadaye. Kosa la risasi lingesahihishwa wapi?

Kwa sisi wa kamera za mkopo na buti zenye tope, ambao "spishi mpya" kwetu maana yake ni mpya kwenye daftari letu tu, somo lipo pia. Picha peke yake haitoshi. Andika mahali, saa, mlio, na alichokuwa anafanya. Usimfukuze ndege kwenye kiota chake ili upate picha kali. Na ukubali kwamba mwingine anaweza kuja kesho akakusahihisha.

Ile picha ya Pugu bado ninayo. Kwenye daftari nimeandika tarehe, saa na mlio niliousikia. Sehemu ya jina, baada ya kubishana na nafsi kwa wiki nzima, nimeweka alama ya kuuliza.