Nivaquine na kujikuna: habari ya dawa iliyokimbiza wagonjwa

Wasikilizaji wetu wa muji na ninyi jamaa mulio kambini, muulize mutu yeyote aliyepita miaka 40 juu ya Nivaquine. Mbele ya kutaja malaria, atataja kujikuna.

Nivaquine ni klorokini. Iligunduliwa Ujerumani mwaka wa 1934, katika maabara ya Bayer, na mwanakemia Hans Andersag. Waliona ni kali mno, wakaiweka pembeni. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyoirudisha. Mwaka wa 1942 Wajapani waliteka Java, kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya kinini ya dunia, na Waamerika wakahitaji dawa nyingine kwa askari wao. (Kwetu Kivu miti ya kinini ilipandwa pia, na neno kinini tumelifanya jina la kila kidonge.)

Kisha vita, klorokini ikaenea Afrika yote. Ilikuwa bei rahisi, na matunzo yalikuwa siku tatu tu. Lakini saa chache kisha kumeza, ao kesho yake, mwili unaanza kuwasha: viganja, nyayo, kichwa. Mugonjwa halali. Ajabu ni kwamba hakuna upele, ngozi ni safi kabisa, na jirani anaweza kufikiri unajifanya. Dawa za mizio zinasaidia kidogo tu. Kwa Wazungu jambo hilo ni haba sana, kwa Waafrika weusi ni la kawaida.

Basi wengi walimeza siku ya kwanza, wakajikuna usiku, wakatupa vidonge vingine. Malaria iliyokatwa nusu inarudi. Hata hivyo tusiseme kujikuna peke yake ndiko kuliua klorokini: vimelea sugu vilionekana Asia mwisho wa miaka ya 1950, vikafika Afrika ya Mashariki mwisho wa miaka ya 1970. Inchi yetu iliiacha mwaka wa 2001, ikachukua Fansidar, halafu mwaka wa 2005 artesunati pamoja na amodiakini.

Klorokini imeondoka, woga wake umebaki. Kambini bado ninasikia mama akikataa vinini vya malaria juu ya ile ya zamani. Mama, si dawa ileile. Amodiakini ni ndugu yake, inaweza kuwasha, lakini mara chache zaidi. Ukiwashwa bila upele, mwambie muganga, usiache vidonge njiani kwa uamuzi wako. Ukiona upele, uso kuvimba ao pumzi kuwa nzito, rudi kituo cha afya palepale, hata usiku.

Na vidonge vya baba vilivyobaki visikatwe kwa ajili ya mutoto: dawa ya mutoto inapimwa kwa kilo zake.